Mama kaja Kansas na kila mtu anasema hamna cha kuona, nimpeleke wapi?

“Shikamoo mtaalamu. Tunaishi Wichita, huu mwaka wa tatu. Mama yangu ana miaka 68, kaja kututembelea toka Tanga na anaondoka katikati ya Juni. Mume wangu kapata siku nne mwishoni mwa Mei, nikasema tumtoe mama matembezi na watoto wetu wawili, mmoja ana miaka 11 na mwingine 6. Shida ni kwamba kila ninayemuuliza ananiambia Kansas ni nyasi tu, nendeni Colorado mkaone milima. Hela ya Colorado hatuna. Afu mimi mwenyewe naogopa, Mei ndo msimu wa tornado, kuna wale nyoka wa njuga, kuna nyati, na watu wanasema ukikosea njia ukaingia shamba la mtu anakutolea bunduki. Mama magoti yanamsumbua, hatembei sana. Kuna sehemu za maana za kumpeleka, za historia na mazingira, au tukae tu nyumbani tuchome nyama?”

Marahaba mdogo wangu. Nyama mtachoma, hilo halina mjadala, ila msichome siku zote nne. Na hiyo nyama yenyewe ntairudia huko chini, maana Kansas kuna mdudu mmoja anaweza kukuachisha nyama ya ng'ombe kabisa na hata hayupo kwenye orodha yako ya hofu. Nikisoma swali lako naona umefunga mambo mawili kwa kamba moja: unauliza kama kuna kitu cha kuona, na unauliza kama mtarudi salama. La kwanza, vipo, tena siku nne hazitoshi. La pili, mtarudi salama, ila vitu unavyoviogopa wewe sio ambavyo ningeviogopa mimi.

Hao wa Colorado waache. Mama ni wa Tanga, Usambara anaijua toka akiwa mtoto, kumkalisha kwenye gari saa saba na zaidi kwenda kumuonyesha mlima ni sawa na kumpelekea mtu wa Mafia zawadi ya samaki. Muonyesheni kitu ambacho Tanga hakipo.

Mimi kabla sijaja huku niliongoza wageni Serengeti miaka kadhaa, na nakwambia neno “nyasi tu” nimelisikia sana, mgeni anashuka kwenye ndege ndogo anaangalia pande zote afu anauliza mbona hamna kitu. Nyika ndivyo ilivyo, haijitangazi kama mlima au bahari, inabidi mtu akuonyeshe pa kuangalia. Na Kansas ukishaijua kanuni yake moja inafunguka yote. Kanuni yenyewe ni mvua. Upande wa magharibi kuna milima ya Rockies inayokamua unyevu wote wa upepo unaotoka Pasifiki, kwa hiyo Kansas ya magharibi ni kavu, inapata kama milimita 450 hivi kwa mwaka, nyasi zake fupi. Ukienda mashariki unakutana na unyevu unaopanda kutoka Ghuba ya Meksiko, kule kusini mashariki mvua inapita milimita 1,000, nyasi zinakuwa ndefu. Serengeti ni hivyohivyo, nyanda za kusini mashariki ziko kwenye kivuli cha mvua cha nyanda za juu za Ngorongoro ndo maana nyasi ni fupi, ukienda kaskazini na magharibi zinarefuka. Kwa hiyo mkiendesha gari Kansas toka mashariki kwenda magharibi mnashuka ngazi ya mvua, na kila kitu kinabadilika na hiyo ngazi, miti, mashamba, umbali wa mji hadi mji, mpaka historia ya watu.

Siku ya kwanza nendeni Flint Hills. Ni karibu na nyinyi, Wichita hadi Strong City ni kama maili 80. Pale kuna Tallgrass Prairie National Preserve, ekari karibu 10,900, ilitangazwa hifadhi mwaka 1996, na kuingia ni bure. Watoto watauliza kwa nini nyasi zihifadhiwe kama vile ni faru, na swali ni zuri. Zamani nyasi ndefu za aina hii zilifunika kama ekari milioni 170 katikati ya Amerika Kaskazini, leo imebaki chini ya asilimia 4, na sehemu kubwa ya hiyo iliyobaki ni hapo Flint Hills. Kwingine kote walilima mahindi na soya. Hapa kilichoziokoa ni mawe. Chini ya udongo kidogo tu kuna miamba ya chokaa iliyojaa gumegume, jembe lilipogonga lilikwama, wakulima wakakata tamaa wakaacha ng'ombe wale. Hamna mtu aliyekaa akapanga kuihifadhi, jiwe ndo lilikataa.

Kitu cha pili cha kuwaeleza watoto ni moto. Kila Machi na Aprili wafugaji wanachoma vilima hivi kwa makusudi, na kabla yao watu wa asili walichoma miaka na miaka. Sisi nyumbani tumezoea kusikia kuchoma moto nyika ni uharibifu, na mara nyingi kweli ni uharibifu, ila hizi nyasi sehemu yake ya kuchipua iko chini ya udongo, mizizi inashuka hata futi kumi na zaidi, moto unapita juu unaua vichipukizi vya miti halafu nyasi zinarudi. Usipochoma, baada ya miaka michache unakuwa na msitu wa mierezi na nyasi zimekwisha. Kwa hiyo mwisho wa Mei mtakuta vilima kijani kibichi kama vimepakwa rangi, vimetoka kwenye majivu wiki chache tu. Ila nisikudanganye, nyasi wakati huo zinafika magotini au chini yake. Zile picha za mtu kamezwa na nyasi ni za Septemba na Oktoba. Ukitaka hizo, rudini mwakani mama akiwa hayupo, mumpigie picha.

Kwa magoti ya mama, ulizeni Bottomland Trail, ni tambarare, mzunguko wa nusu maili tu. Pia kuna nyumba ya mawe ya Spring Hill Ranch ya mwaka 1881 na ghala la ghorofa tatu, mama anaweza kukaa kivulini hapo na mtoto wa miaka 6 wakati wewe na mkubwa mnapanda njia inayopita kwenye malisho ya baisani. Hiyo mpaka juu kabisa kwenda na kurudi ni maili 6 na kitu, si lazima mmalize, hata maili moja inatosha kufika mahali ambapo huoni nguzo ya umeme wala nyumba.

Sasa baisani. We umeandika nyati na wengi wetu tunamwita hivyo, lakini si yule mbogo wa kwetu, ni mnyama mwingine kabisa, nundu mabegani, kichwa kikubwa kina manyoya kama mzee hajaenda kinyozi. Waliopo pale ni uzao wa kundi lililoanza na 13 walioletwa mwaka 2009 toka Wind Cave kule South Dakota. Mwanzoni mwa miaka ya 1800 walikuwa makumi ya mamilioni kwenye nyika hizi, kufika mwisho wa miaka ya 1880 wamebaki mia chache, reli na biashara ya ngozi viliwamaliza kwa muda ambao mtoto anazaliwa na kuoa. Mwezi Mei wana ndama, ndama wana rangi ya chungwa kama kutu, wanapendeza sana na hapo ndo penye hatari. Jike mwenye ndama hana mchezo. Dume anaweza kufika karibu tani moja na anakimbia kama kilomita 55 kwa saa, mtu hata akiwa bingwa wa mbio hamuwezi. Kaeni mbali angalau yadi 100, yaani kama urefu wa uwanja wa mpira. Kama wamelala katikati ya njia, njia imefungwa siku hiyo, geuzeni mrudi. Mkia ukisimama juu ukajikunja kama alama ya kuuliza, ameshaacha kukuuliza, anakuja. Wanaoumizwa mara nyingi ni waliosogea kupiga selfi, sio waliokuwa wanapita.

Mkitoka hapo shukeni Cottonwood Falls dakika tano tu, muone mahakama ya kaunti ya mwaka 1873, jengo la mawe lina paa la Kifaransa, bado inafanya kazi. Halafu barabara ya K-177 kwenda Council Grove ndo moja ya barabara nzuri za kuendesha gari taratibu Marekani nzima kwa maoni yangu, na mama hatakiwi kushuka hata mara moja. Council Grove ilikuwa kituo kwenye njia ya Santa Fe, njia ya misafara ya biashara iliyoanza 1821, mama akiuliza mwambie ni kama njia ya misafara ya Bagamoyo kwenda Ujiji ila hapa walikuwa na magari ya kukokotwa na ng'ombe na nyumbu (yule chotara wa punda na farasi, sio wa Serengeti) badala ya wapagazi. Na mwambie jina Kansas lilitoka kwa watu wa asili waitwao Kansa au Kaw, walioishi hapo mpaka serikali ilipowahamisha kwenda Oklahoma mwaka 1873. Ile mahakama nzuri na kuhamishwa kwao ni mwaka mmoja. Mimi kila nikipita hapo nawaza hilo.

Siku ya pili mna chaguo, na hapa sitaki kukuamulia. Kuna Topeka, saa mbili na kitu, kuna shule ya Monroe ambayo sasa ni makumbusho ya taifa ya kesi ya Brown na Bodi ya Elimu. Mwaka 1951 baba mmoja, Oliver Brown, alikuwa miongoni mwa wazazi walioshtaki kwa sababu mtoto wake Linda hakuruhusiwa kusoma shule ya karibu na kwao kwa kuwa ni mweusi, ilibidi apite kwenye reli kwenda kupanda basi la shule ya mbali. Tarehe 17 Mei 1954 Mahakama Kuu ya Marekani ikaamua kwamba kubagua watoto shuleni kwa rangi ni kinyume cha katiba. Cha ajabu ambacho wengi hawakijui ni kwamba Monroe haikuwa shule mbovu, ina jengo zuri la matofali na walimu wazuri weusi. Ndo maana kesi ikawa na nguvu, hoja haikuwa madawati, hoja ilikuwa kutenganishwa kwenyewe. Mwanao wa miaka 11 anasoma shule za huku, hiyo ni historia yake na yeye pia. Yule wa miaka 6 atachoka ndani ya dakika 40, mjiandae.

Chaguo la pili ni Chanute, chini ya saa mbili mashariki. Sasa hapa watu huwa hawaniamini. Kwenye mji mdogo wa Kansas, ndani ya stesheni ya zamani ya treni, kuna makumbusho ya safari za Kenya. Osa Johnson alizaliwa Chanute mwaka 1894, yeye na mume wake Martin walikuwa wapiga filamu, kati ya 1924 na 1927 walikaa Marsabit kwenye ziwa walilolipa jina Lake Paradise wakipiga picha tembo na wengineo, na miaka ya 1930 wakarudi na ndege mbili ndogo, moja imechorwa milia ya punda na nyingine madoa ya twiga, wakapiga picha Kilimanjaro na Mlima Kenya toka angani. Neno safari limo kwenye jina la makumbusho yenyewe. Mama ataona picha za watu wa kwetu za miaka karibu mia iliyopita, nguo, mizigo, nyuso. Ntakuwa mkweli, macho yaliyowapiga picha yalikuwa macho ya kikoloni, kuna mahali Mwafrika amewekwa kama kichekesho, na watoto inabidi uwaeleze. Lakini mimi nilipofika mara ya kwanza nilisimama mbele ya picha moja ya wapagazi karibu robo saa. Makumbusho madogo hivi masaa yake yanabadilika, pigeni simu kabla.

Kama mama amechoka, kuna El Dorado nusu saa tu toka kwenu, hifadhi ya jimbo yenye ziwa kubwa, mnatandika mkeka. Ni mji wa upande wa babu yake Obama mzaa mama, yule Stanley Dunham, na mama yake Obama mwenyewe alizaliwa hapohapo Wichita mwaka 1942. Wakenya wanajua Kogelo, nusu nyingine ya hadithi mnaishi nayo mtaa mmoja. Mkitaka kuvua samaki, kuanzia miaka 16 leseni inatakiwa, na mama kama mgeni anahesabiwa si mkazi, ipo leseni ya siku moja.

Siku ya tatu na ya nne ningeenda magharibi nikalala Hays. Najua ni mbali, na kama mama hawezi kukaa kwenye gari saa tatu hata kwa kusimamasimama, acheni kabisa hii sehemu, msimtese. Lakini kama anaweza, nendeni Nicodemus. Mwaka 1877 watu weusi waliokuwa watumwa Kentucky miaka 12 tu kabla walikuja hapo kuanzisha mji wao wenyewe. Walishuka treni Ellis, wakatembea kama maili 35 nyikani. Waliahidiwa mji, wakakuta nyasi. Yuko mama mmoja aliyefika 1878, Willianna Hickman, alisimulia baadaye kwamba mume wake alimwambia mji ule pale, yeye anaangalia haoni kitu, akamuonyesha moshi unaotoka ardhini. Watu walikuwa wanaishi kwenye mashimo waliyochimba, hamna miti ya kujengea. Akalia. Baridi ya kwanza wengine walipona kwa sababu wawindaji wa kabila la asili la Osage waliokuwa wanarudi toka kuwinda waliwagawia nyama. Halafu wakajenga, shule, makanisa, hoteli, magazeti, ikafika mia kadhaa ya watu, mpaka mwaka 1888 reli ilipopita upande wa pili wa mto na biashara zikahamia kwenye reli. Leo wamebaki watu wachache sana na majengo matano ya kihistoria. Kila mwisho wa Julai wajukuu wanarudi toka kila kona kusherehekea, bahati mbaya mama atakuwa ameshaondoka.

Watu wengine wanafika Nicodemus wanakaa dakika kumi wanasema mbona hamna kitu. Ingieni ndani ya ukumbi wa mji, wapo askari wa hifadhi, na ukikuta siku nzuri unakutana na mzao wa wale wa mwanzo. Mwambieni mama aulize maswali, wewe tafsiri. Nimewahi kuona bibi mmoja wa kwetu akipewa hadithi ya yale mashimo akajibu tu “hata sisi tulijenga kwa udongo”, wakacheka wote wawili, na mkalimani hakuhitajika tena kwa muda.

Hays kwenyewe kuna makumbusho ya Sternberg, watoto watapenda samaki aliyegeuka jiwe ana urefu wa futi 14 na tumboni ana samaki mwingine mzima wa futi 6, inaonekana alimmeza akamkaba. Ndio, samaki, katikati ya Kansas. Miaka kama milioni 80 iliyopita bahari iligawanya bara hili vipande viwili, na tope la chini yake ndo limekuwa mwamba wa chaki. Ukitaka kuiona hiyo chaki imesimama, endeleeni mpaka kusini ya Oakley, kuna Little Jerusalem, hifadhi ya jimbo iliyofunguliwa 2019, njia fupi ya kama mita 400 inakufikisha ukingoni unaangalia minara ya chaki chini, mama anaiweza. Monument Rocks haiko mbali na hapo, minara ya futi hadi 70 imesimama yenyewe shambani, lakini barabara ya mwisho ni ya vumbi na ikinyesha inakuwa utelezi. Mimi nilishakwama huko, nilidharau wingu dogo, nikakaa masaa manne mpaka mzee mmoja akaja na trekta, hakutaka hela akataka tu kujua mtu mwenye lafudhi kama yangu kafikaje pale. Ikinyesha msiende. Jazeni mafuta Oakley, pakueni ramani kwenye simu kabla, maana netiweki inakata. Na msipande miamba, inabomoka kwa mkono.

Haya, hofu zako.

Tornado kwanza. Sisi kwa Kiswahili tunaita vyote kimbunga na hapo ndo tunachanganyikiwa. Kimbunga Hidaya kilichokuja pwani ya Tanzania Mei 2024 kilikuwa na upana wa mamia ya kilomita na kilitangazwa siku kadhaa kabla. Tornado ni kitu chembamba, mara nyingi mita kadhaa hadi kilomita moja hivi, kinaishi dakika, kinazaliwa pale hewa ya joto yenye unyevu toka Ghuba inapokutana na hewa kavu ya magharibi na upepo wa juu unaenda kasi na upande tofauti na wa chini, dhoruba inaanza kuzunguka. Inakuja zaidi jioni, toka saa kumi alasiri hadi usiku. Kwa hiyo tembeeni asubuhi. Uwezekano wa tornado kupita hasa pale mlipo nyinyi siku hizo nne ni mdogo sana, jimbo lina ukubwa karibu robo ya Tanzania. Lakini mdogo sio sifuri, kwa hiyo jueni tofauti ya maneno mawili kwenye simu. Ikiandika Tornado Watch, maana yake hali ya hewa inaruhusu, endeleeni lakini msiende mbali na majengo. Ikiandika Tornado Warning, imeonekana kwa macho au kwa rada, hapo huulizi mtu, unaingia ndani sasa hivi, besimenti au choo cha katikati kisicho na dirisha. Mkiwa barabarani ingieni sheli yoyote, wafanyakazi wanajua pa kuwaweka. Msijifiche chini ya daraja, watu wengi wanadhani ni salama na ni kinyume, upepo unabanwa pale unaongezeka kasi na vyuma vinaruka. Kama hamna jengo kabisa, lala kwenye mtaro ulio chini ya usawa wa barabara, funika kichwa. Greensburg mwaka 2007 tornado ilifuta karibu asilimia 95 ya mji usiku, watu 11 walifariki, na wengi sana walipona kwa sababu walisikia onyo mapema wakashuka chini. Kile king'ora mnachosikia Wichita Jumatatu mchana ni majaribio, msikizoee mkakidharau siku nyingine.

Nyoka wa njuga wapo, hasa magharibi, na wana adabu kuliko kobra na koboko wetu, mara nyingi wanakupigia kelele kwanza, ingawa sio kila mara. Vaeni viatu vya kufunika, msiweke mkono chini ya jiwe msipopaona. Akimuuma mtu: 911, vua pete na saa, mtulize, basi. Msikate, msinyonye, msifunge kamba, na kama mama kabeba lile jiwe jeusi la nyoka, libaki kwenye mkoba, halivuti sumu, linapoteza muda tu.

Ninachokiogopa mimi ni kupe. Yupo kupe mmoja, jike lake lina doa jeupe mgongoni, yuko kwa wingi mashariki mwa Kansas na Mei ni wakati wake. Mate yake yana sukari fulani ambayo kwa baadhi ya watu mwili unajifunza kuikataa, na sukari hiyohiyo imo kwenye nyama ya ng'ombe, mbuzi, kondoo na nguruwe. Unakula mishkaki saa moja usiku, saa tano unawashwa mwili mzima, tumbo linakata, wengine wanashindwa kupumua. Kwa kuwa inachukua masaa, watu wanahangaika miaka bila kujua. Kuku na samaki hawana shida, ila nani anataka harusi ya kuku tu. Ndo ile nyama niliyokwambia ntairudia. Kinga ni rahisi: tembeeni katikati ya njia, suruali ndani ya soksi, dawa ya kufukuza wadudu, na jioni kagueni watoto nyuma ya masikio, kwapani, nyuma ya magoti. Ukimkuta, mshike na kibano karibu kabisa na ngozi, mvute moja kwa moja. Usimpake mafuta ya taa wala kumchoma na kiberiti, unamfanya atapike ndani yako.

Na hili naomba ulisome mara mbili. Mtu yeyote akipata homa, maumivu ya kichwa au vipele ndani ya wiki mbili baada ya matembezi, nendeni kwa daktari siku hiyohiyo mseme mlikuwa nyikani kwenye kupe, kuna magonjwa ya kupe yanatibika vizuri yakiwahiwa na yanaua yakicheleweshwa. Lakini kwa mama msiishie hapo, semeni pia katoka Tanga wiki kadhaa tu zilizopita na malaria ipo. Daktari wa huku hawazi malaria usipomwambia, na sisi kwa upande wetu homa yoyote tunawaza malaria tu. Semeni vyote viwili, wapime vyote viwili. Na kuhusu magoti, kabla ya safari ya saa tatu kwenye gari muulizeni daktari wake kama kuna lolote kwenye miguu, ukaaji mrefu kwa umri huo sio magoti peke yake, simameni kila saa moja anyooshe.

Bunduki. Ndio, watu wengi wanazo, na karibu ardhi yote Kansas ni ya watu binafsi, kwa hiyo hapa huwezi kuona kilima kizuri ukaruka fensi kama unavyokatiza shamba la mjomba. Kaeni kwenye barabara na hifadhi, geti ulilolikuta limefungwa lifungwe, ukipotea geuzia gari barabarani sio kwenye uwanja wa mtu. Nimezunguka jimbo hili miaka mingi na silaha niliyonyooshewa zaidi ni kidole kimoja juu ya usukani, wakulima wakipishana na gari wanakusalimia hivyo. Mrudishieni.

Mkipita ile barabara ya kulipia ya Turnpike, hamna tena vibanda, kamera inapiga picha namba ya gari na bili inakuja kwa posta. Inafanana na barua za matangazo, msiitupe.